Aliyevaa Kitambaa Ndiye Anayesema

Mtaani kila mtu alimwita Koplo, hata watoto wa dada yake. Alikuwa mwanamke pekee aliyenyoa wanaume katika barabara ile, na kazi yenyewe aliijulia jeshini, alikokabidhiwa mashine ya kunyolea na foleni ya makuruti wenye vichwa kama vichaka. Jeshi lilimpa ufundi, likamharibia goti la kushoto. Siku hizi alinyoa ameegemea kigoda kirefu, na kila asubuhi kabla ya kufagia alichomeka bendera ndogo kwenye kopo la brashi, akainyoosha kwa vidole kama mama anayemweka mwanawe kola vizuri kabla ya kwenda shule.

Chumba chake kilikuwa na kioo chenye ufa, benchi la wanaosubiri na sheria moja. Aliyevaa kitambaa cha kunyolea ndiye anayesema. Walio kwenye benchi husikiliza, hata kama ulimi unawawasha. Kitambaa kikivuliwa, umemaliza, hata kama neno lilikuwa limefika kwenye meno. Sheria hiyo aliiweka baada ya wateja wawili kukunjana mashati kwa ajili ya uchaguzi. Ule ufa wa kioo ndio kumbukumbu yao.

Mwenye nywele nyingi alisema sana. Aliyeteseka ni mwenye bucha ya jirani, ambaye pia ndiye mwenye chumba. Yeye walimwita Bucha. Kichwa chake kilikuwa kitupu kama sahani iliyooshwa, lakini maneno anayo! Basi kila siku alikuja kunyolewa kidevu.

"Una ndevu gani leo, baba mwenye nyumba? Si nilizimaliza jana?"

"Tafuta, Koplo, hukosi mbili tatu. Nina jambo kuhusu mitaro."

Siku ya kuamkia gwaride la taifa, aliingia kijana anayechomelea mageti, nywele zimesimama juu na kujaa vumbi la chuma. Benchi zima likaguna. Kichwa kile kilikuwa hotuba ndefu.

"Nimeambiwa nisiposimama kesho wimbo wa taifa ukipigwa, mimi msaliti," kijana akaanza. "Basi sisimami. Barabara yetu ina giza kila jioni, lakini maturubai ya gwaride yamepatikana. Na ile vita ya mpakani tunayosimuliwa kila mwaka, mtu anieleze ilituletea nini. Watu walikufa bure."

Mashine ikanyamaza. Koplo alikuwa ameizima bila kujijua. Lile neno "bure" lilimpata palepale gotini. Alimkumbuka rafiki yake wa kambini, aliyelala kitanda cha juu na kuning'iniza soksi hadi karibu na pua yake. Walikwenda mpakani pamoja. Rafiki hakurudi.

Bucha akasimama. "Mtoe nje."

"Bado ana kitambaa."

"Anakutukana wewe, anaitukana nchi, tena ndani ya chumba changu. Mtoe, au kesho jioni unipe ufunguo."

Wote kwenye benchi walijua Koplo hana pengine pa kwenda, na goti lile lisingemruhusu kuzunguka na mashine nyumba kwa nyumba. Naye, kusema kweli, mkono ulimwasha kumwachia kijana yule mfereji katikati ya kichwa. Aliitazama bendera kwenye kopo. Kisha akawasha mashine.

"Endelea, mwanangu. Ulifika kwenye bure."

Kijana akaendelea, ingawa sauti ilikuwa imeshuka. Koplo akamnyoa sawasawa pande zote, akampaka spiriti, akavuta kitambaa.

"Na jambo lingine, mama..."

"Umemaliza."

"Lakini sijasema kuhusu..."

"Zikiota utasema. Kaa kwenye benchi kama wenzako."

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alijifunga kitambaa mwenyewe, akakaa kwenye kiti, akamnyooshea Bucha mashine.

"Ninyoe."

"Mimi? Mimi nakata nyama."

"Basi kumbuka kwamba mimi bado ni hai. Anzia kisogoni. Leo na mimi nina maneno."

Bucha aliishika mashine kama mtu aliyeshika panya mkiani. Koplo akasema huku akiwatazama wote kwenye kioo.

"Nchi hii naipenda. Huyu kijana ameniumiza, na naona amekosea. Lakini rafiki yangu wa kitanda cha juu alikuwa mbishi kumzidi. Alimwambia afande usoni kwamba vita ile haina kichwa wala miguu. Akaadhibiwa, akafagia uwanja huku bado anasema. Zamu yetu ilipofika akabeba begi akaenda, kwa sababu sisi wenzake tulikuwa tunakwenda. Nikimziba mdomo huyu, nimemziba na yule. Na nikimwacha huyu aseme mpaka jioni, ninyi mtasema lini? Ndiyo maana kuna kitambaa. Baba mwenye nyumba, ufunguo uko msumarini. Ila nikiwa humu, sheria ni moja, kwako na kwake."

Bucha alifungua mdomo, akakumbuka kitambaa. Hakuwa na ruhusa. Lakini aliikandamiza mashine kama kisu cha buchani, nayo ikachimba njia nyeupe kutoka kisogoni hadi juu ya sikio. Mtu mmoja kwenye benchi akapaliwa na kicheko. Kijana akainuka, akaichukua mashine taratibu mkononi mwa Bucha, akamalizia kichwa chote, maana hapakuwa na namna nyingine.

Kesho yake, wimbo ulipopigwa, Koplo alisimama wima, kipara kinameremeta, goti linamuuma, mikono imenyooka ubavuni. Kijana alikaa ukingoni mwa barabara tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kama alivyosema. Ila kigoda kirefu cha Koplo ni yeye aliyekibeba kutoka kinyozini, na wimbo ulipokoma alikisogeza nyuma yake kabla hajageuka kukitafuta.

Jioni Koplo aliutoa ufunguo msumarini, akauweka kiganjani, akangoja. Bucha akaingia anajipapasa kidevu. Aliutazama ufunguo, akakitazama kile kipara alichokianza mwenyewe, kisha akakaa kwenye kiti na kujivutia kitambaa hadi shingoni.

"Kidevu," akasema. "Na usiharakishe. Nina jambo kuhusu taa za barabarani."