Uvimbe Mzuri Uliotembea

Aliyekuwa akikohoa ni mume wangu. Alikuwa amepakia mifuko ya saruji kiwandani Hima kwa miaka mingi, nami nikamburuta hadi hospitali moja mjini Kasese apigwe picha ya kifua. Akakataa kuingia peke yake. Basi nami nikapigwa picha, ili asione aibu.

Daktari aliziinua picha zetu dirishani. "Mzee, mapafu yako hayana neno," akasema. Kisha akanigeukia mimi, ambaye sikuwahi kukohoa hata kwa moshi wa kuni. "Mama, wewe ndiye uliye na kitu."

Mume wangu aliniomba radhi, utadhani yeye ndiye aliyekiweka.

Kampala walinichoma sindano wakatoa kipande. Wakasema ni uvimbe wa nadra, huwapata zaidi wanawake, na kwa kawaida hauna ubaya. Wakaukata pamoja na sehemu ya chini ya pafu la kushoto. Nilipokwenda kuchukua majibu, daktari wa upasuaji alikohoa kidogo kabla ya kusema.

"Tumeukuta pia kwenye tezi mbili za jirani."

"Kwa hiyo ni saratani?"

"Hapana. Bado tunauhesabu kuwa mzuri. Mara chache hufika huko, na hata ukifika, wengi huendelea vizuri. Hatukupi dawa kali. Utakuja kila mwaka tukutazame."

Nilirudi nyumbani Bwera, karibu na mpaka, nikakuta wanawake wa kanisa wamejaa sebuleni, wameshaanza nyimbo za msiba. Niliwaeleza kwamba sijafa na kwamba uvimbe ni mzuri. Wakamaliza ubeti waliokuwa nao, wakaomba chai.

Mama yangu, aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, hakuimba wala hakunywa. "Kama iko muzuri," akaniuliza, "inatembea inaenda wapi?"

Nilimwambia kwamba daktari naye hajui. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka wageni walipoondoka.

Mwaka ule wa kwanza niliogopa sana. Dukani kwangu, nikipima kitenge, mkono mmoja ulikuwa ukipapasa shingo kutafuta vinundu. Wateja walidhani natafakari bei, wakaanza kuongeza wenyewe.

Sasa nimepigwa picha mara nne. Hakuna kipya. Mwezi uliopita nilipanda mlima hadi Bugoye kwenda kumwona dada yangu. Nilipumzika mara mbili njiani. Yeye, mwenye mapafu kamili, aliponisindikiza kurudi, alipumzika mara tatu.