Aliyefungua Koti la Gari

Bi Mshono aliligundua jambo hilo Jumanne mchana, aliporudi kutoka kazini. Koti la gari lilikuwa limefungwa vizuri tu kwa mtu asiyejua. Lakini aliyelifunga hakuwa yeye.

Koti ndivyo walivyokiita kifuniko kinene kilichovishwa kioo cha mbele na madirisha mawili ya mbele ya gari-nyumba lao, baridi isiingie na joto la ndani lisitoroke. Alilishona mwenyewe: nje kitambaa cha rangi ya fedha kisichopitisha maji, katikati sponji nyembamba, ndani kitambaa laini cheusi kisichokwaruza kioo. Kwa miaka thelathini alikuwa akishona viti vya mabasi kwenye karakana, na huko ndiko alikolipata jina la Bi Mshono. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Wenzake walimwita Breki, maana maisha yake yote barabarani hakuwahi kugonga hata ndoo. Walipostaafu walimwachia binti yao nyumba, wakanunua gari-nyumba kuukuu na kuanza maisha ya kuhamahama. Msimu wa baridi uliwakuta kwenye uwanja wa kuegesha magari pembezoni mwa mji wa milimani, wakaamua kutulia hapo mpaka upite. Bi Mshono akapata kibarua cha asubuhi kwa fundi wa maturubai.

Lile koti lilikuwa na pazia la mbele, kipande kinachoshuka kama mdomo wa bahasha ili mwanga uingie bila kulivua lote. Kila asubuhi Bi Mshono alilishusha, akafuta umande kwa kitambaa kikavu, akaliacha lipigwe na hewa. Kabla ya kwenda kazini alilipandisha na kulifunga, kwa sababu Breki alilalamika kwamba siku hizi mwanga wa mchana unamuumiza macho. Alianza na tepe ya kunata ya kushoto, kisha ya kulia, ukingo juu ya ukingo. Jumanne hiyo tepe ya kulia ilikuwa imepanda juu kiasi cha vidole viwili, na kona moja inaning'inia kama sikio la mbuzi.

"Umefungua koti?" akamuuliza mumewe.

"Mimi? Nilifungue nikafanye nini?" Breki alikuwa amejilaza kitandani, uso kauelekeza ukutani. "Upepo huo."

Upepo! Bi Mshono alizijua tepe zake. Kuzibandua kulihitaji mkono wa mtu. Na huo upepo unaofungua kisha ukafunga ungetoka wapi?

Wa kwanza kumshuku alikuwa Mwalimu, mama mstaafu mwenye gari-nyumba dogo lililoegeshwa upande wa pili wa uwanja, likitazamana na lao uso kwa uso. Tangu siku ya kwanza Mwalimu alikuwa akilisifia koti. "Dada, wenzetu mnalala raha. Mimi humo ndani ni kama samaki kwenye friji." Kisha hukunja kona na kuchungulia mshono wa ndani. Kwa fundi, mtu anayechungulia mshono wa ndani hana nia ya kusifu. Anataka kuiga.

Alhamisi, tepe zilikuwa kombo tena. Jumamosi aliona baya zaidi: kwenye kitambaa cheusi cha ndani kulikuwa na madoa ya kuvu, kana kwamba mtu amenyunyiza unga. Pazia lilikuwa limefungwa likiwa na maji ya mvua. Bi Mshono alihisi kama aliyemwagiwa maji hayo yeye mwenyewe. Alilivua koti lote, akachanganya maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuogea watoto, akalipangusa kwa sponji taratibu. Halikuwa la kutiwa kwenye mashine wala la kusuguliwa kwa brashi, maana ile rangi ya fedha ikishachubuka ndiyo basi tena. Akalitandaza kivulini juu ya viti viwili, akakipangusa na kioo, kwa sababu mchanga ukibaki kati ya kioo na koti hukwaruza kila gari linapotikiswa na upepo.

Breki alikaa mlangoni akimtazama, au akitazama upande wake.

"Uliniambia lisifungwe likiwa bichi," akasema.

"Nilikuambia wewe. Sikumwambia Mwalimu."

"Mwalimu kaingiaje hapo?"

Jibu lilikuja haraka mno. Bi Mshono aliinua kichwa, akaendelea kupangusa, na jicho lake likahama kutoka upande wa pili wa uwanja mpaka hapo mlangoni. Mume huyo, tangu wiki iliyopita, alikuwa ameanza kunyoa ndevu kila siku. Tena kwa papara, akiacha vichaka chini ya kidevu. Mwanamume wa miaka sitini na sita, hana kazi wala kikao, anamnyolea nani?

Jumatatu alimtega. Alichora alama mbili ndogo kwa chaki ya fundi mahali tepe ilipokutana na kitambaa. Halafu akatandika uzi mweusi juu ya kiti cha dereva, uzi mmoja tu, kutoka ukingo hadi ukingo. Akaaga kama kawaida.

Mchana alama zilikuwa zimepishana. Uzi ulikuwa chini, kwenye zulia, na kiti kimesogezwa mbele kabisa. Akasoma namba ya kilomita kwenye dashibodi. Haikuwa imeongezeka hata moja. Kwa hiyo kuna mtu anafungua pazia, anakaa kwenye usukani, gari haliendi popote. Na mbele ya usukani huo, ukishashusha pazia, unakiona nini? Mlango wa Mwalimu.

Siku hiyo alipika kama kawaida. Breki alisifu chakula mara mbili, na hilo nalo akalitia akilini.

Jumatano alimwomba fundi wa maturubai ruhusa, akarudi saa mbili kabla ya wakati wake. Hakupitia geti kubwa. Alizunguka nyuma ya tangi la maji akasimama hapo, mkoba kifuani, moyo ukimdunda kama cherehani ya miguu.

Pazia lilikuwa limeshushwa. Breki alikuwa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani, shingo kaivuta mbele. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni kwake na khanga mabegani. Akainua vidole vitatu. Midomo ya Breki ikacheza. Mwalimu akatikisa kichwa, akainua tena, vitatu vilevile.

Saa tatu, alijisemea Bi Mshono. Saa tatu ya lini? Kumbe wanapangiana hadharani, mchana kweupe, kupitia kioo nilichokipangusa mimi!

Alitoka nyuma ya tangi kwa hatua za mtu anayewahi kuzima moto. Mwalimu alikuwa wa kwanza kumwona, akaushusha mkono. Breki hakumwona. Alipita mbele ya gari, hatua kumi kutoka kwenye kioo, na mumewe akaendelea kukodoa macho kuelekea ng'ambo, akapaza sauti: "Vitano! Ni vitano, Mwalimu?"

Bi Mshono alisimama. Hasira ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imekosa pa kukaa.

Akainua mkono wake mwenyewe, vidole viwili, karibu kabisa na kioo.

"Breki. Hivi ni vingapi?"

Mwanamume aliruka kitini. "Mama! Umerudi?"

"Nimekuuliza ni vingapi."

Breki akasogeza uso karibu na kioo. "Naona mkono. Vidole vinaingiliana."

Mwalimu alikuwa amevuka uwanja. "Dada, nilimwambia akuambie. Kila siku namwambia."

"Wewe nitakuja kwako baadaye," akasema Bi Mshono, akaingia garini na kufunga mlango.

Breki alieleza akiwa ameushika usukani, kama asiyeweza kusema akiwa ameuachia. Tangu mwisho wa kiangazi aliona kila kitu kama kupitia kioo chenye mvuke. Taa za magari zilikuwa na manyoya. Hata ndevu alizinyoa kila siku ili ajipime kama anauona uso wake kiooni. Leseni yake ilikuwa inaisha baada ya miezi miwili, na kuipata upya ni lazima upimwe macho. Alidhani macho ni kama misuli, ukiyafanyisha mazoezi yatarudi. Mwalimu alimkuta siku moja akijaribu kusoma namba ya gari lake na kukosea zote, akajitolea kumwonyesha vidole.

"Nikikosa leseni, gari hili ni banda," alisema. "Tutarudi kwa mtoto, chumba kimoja, tukiombwa tusiguse rimoti. Ulishona koti hili kwa ajili ya safari. Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia, 'Mke wangu, sioni.' Maneno matatu. Badala yake ukamwambia yeye."

"Yeye sikumwahidi safari."

Bi Mshono alilitafuna jibu hilo siku nyingi. Hakulimeza lote.

Kesho yake alimpeleka hospitali ya macho. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba hata angehesabu vidole vya mji mzima visingemsaidia. Angepasuliwa jicho moja kwanza, la pili baada ya wiki sita. Leseni ingesubiri. Breki aliuliza mara tatu kama kweli ataona, na kila mara daktari alijibu kwamba kwa kawaida watu huona vizuri. Bi Mshono hakumwamini daktari pia. Alimtaka aseme bila "kwa kawaida".

Lakini wiki sita ni nyingi, na mwenye uwanja alikuwa anataka nafasi yake. Hapo ndipo Bi Mshono, ambaye maisha yake yote alikaa kiti cha abiria, alipojiandikisha chuo cha udereva. Jioni alirudia mafunzo pale uwanjani kwenye kigari cha Mwalimu, Mwalimu kando yake akisema "taratibu, dada." Alimshukuru kwa kumshonea koti dogo la kioo, akamweleza kwa ukali jinsi ya kulikausha. Hata hivyo, alipomwona akicheka na Breki karibu na bomba, alipunguza mwendo ili asikie wanacheka nini. Walikuwa wanamcheka yeye na gia ya pili.

Alifaulu kwenye jaribio la pili. Siku ya kuondoka alilivua koti, akalikunja likiwa kavu, akaliweka kwenye mfuko wake chini ya kitanda. Breki, jicho moja likiwa jipya na lingine linangoja zamu, alipanda kiti cha abiria na kufunga mkanda kwa mara ya kwanza bila kuambiwa.

"Umeangalia kioo cha pembeni?" akauliza kabla hata injini haijawaka.

"Nimeangalia."

"Na cha upande wangu?"

"Nimeangalia, mume wangu."

Alinyoosha shingo akaangalia mwenyewe, kulia, kisha kushoto, kisha mikono ya mkewe juu ya usukani. Gari likatambaa kuelekea getini. Mguu wa Breki ulikuwa umebana sakafu mahali ambapo hapakuwa na breki yoyote.