Kikoa Hakina Ahsante

Nimechoka kuandika tanzia. Kila nikijiahidi kwamba wiki hii nitaandika habari za watu wazima wa afya, simu ya ofisini inalia. Safari hii ilitoka Tanga: bibi aliyenipangisha chumba Usagara, nilipokuwa mwalimu kijana, amefariki na amekwisha zikwa jana. Nilibaki na mkono wa simu sikioni hata baada ya aliyenipigia kukata. Kulikuwa na jambo nililopaswa kumwomba radhi, nami nimekuwa nikiliahirisha kwa miaka.

Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka ile miaka ya foleni. Unga ulikuwa wa njano, sukari ilikuwa ya kunong'onezana. Katika nyumba ile, ukimwacha binti mdogo wa bibi, tulikuwa watu wazima watatu: bibi mwenyewe, aliyekuwa mjane mwenyeji wa Pangani; Mpemba mmoja muuza samaki; na mimi. Siku ya kwanza nilijifungia chumbani na mhogo wangu mmoja. Bibi aligonga mlango, akasema humu ndani tunakula kikoa. Sikulijua neno hilo, na mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili. Akanieleza kwamba kila mtu ana siku yake: anatafuta chakula, anapika, wote wanakula, kesho ni zamu ya mwingine. Zamu yangu ya kwanza niliunguza mchele nilioutafuta wiki nzima. Mpemba alicheka hadi akakohoa. Bibi alitafuna ukoko wake mpaka ukaisha. Kesho yake akapika samaki wa nazi, nami kwa aibu ya ule wali wangu nikamshukuru kupita kiasi. Akarudisha tonge sahanini.

"Mwalimu, kikoa hakina ahsante. Ukinishukuru, mimi nimekuwa tajiri na wewe umekuwa mwombaji."

Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa barabarani, sukari ikaonekana mchana kweupe. Kikoa chetu kilikufa bila ugomvi; kila mmoja aliweza kununua chake, akafunga mlango wake. Sisemi njaa ile irudi, maana anayeitamani hakuionja. Mimi nilihamia Dar es Salaam, nikaingia gazetini, na siku moja nikaandika juu ya neno lile katika safu hii. Mchapaji, akidhani nimekosea, alibadilisha kila kikoa kuwa kikoi, na kwa wiki mbili nikapokea barua za watu wakiisifu nguo ya kujifunga kiunoni. Hilo nililicheka. Kosa langu mimi lilikuwa katika mstari wa mwisho, nilipomshukuru hadharani mama aliyenilisha wakati wa shida. Mpemba ndiye aliyeniletea jibu la bibi, neno kwa neno kama alivyotumwa.

"Mwambie mwalimu mimi sikumlisha. Alipika na yeye."

Nilijua nimemuumiza. Nikasema Idi nitakwenda kumtaka radhi. Idi zikapita, moja baada ya nyingine, na mimi niko mjini nina shughuli.

Nilifika matangani siku ya tatu, nimebeba mchele. Binti yake, ambaye nilimwacha akisoma darasa la pili, aliupokea kwa mikono miwili akasema ahsante sana, mzee, umetusaidia. Nilisikia uchungu ambao nadhani ndio alioupata mama yake aliposomewa gazeti. Nikavua koti, nikamwambia anionyeshe sufuria ilipo, leo zamu yangu. Alitabasamu, akaniambia kwa upole kwamba wageni hawapiki, nikakae jamvini na wenzangu. Mpemba alikuwapo, amezeeka vibaya. Alinisogezea nafasi, wala hakunitania.

Neno lenyewe limo kwenye kamusi, herufi zake zote tano ziko salama. Linalokosekana ni mtu wa kuambizana naye. Kikoa kinataka watu wenye siku zao, na mimi siku yangu niliiacha ipite nikidhani bibi yule atakuwapo tu. Kama kuna mlango unaopaswa kuugonga, msomaji wangu, ugonge ukiwa bado unahesabiwa mtu wa nyumba ile. Mimi nilichelewa. Sinia ililetwa, nikanawa, nikala na wageni wenzangu hadi nikashiba, kisha nikasema ahsante.