Kucha Zangu Nyeusi

Naona haya, lakini acha niseme. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, nasoma patholojia, na kila ugonjwa ninaousoma naupata. Jumatatu tulisoma saratani inayoanza kwa weusi chini ya ukucha. Nikatazama kidole gumba: cheusi. Cha shahada vilevile. Nikasugua kwa sabuni, wapi. Nikaanza kuwaza nani atamwambia mama.

Kesho yake nikamwonyesha mhadhiri, darasa zima likitazama.

"Likizo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani Nyaramba, daktari. Nilikuwa namsaidia mama kuchuma majani chai."

Akavua miwani. "Na vidole vya mama vikoje?"

Nikavikumbuka. Utomvu wa chai haukuwahi kuvitoka.

"Vyeusi, daktari. Tangu nizaliwe."