Upupu wa Nyuma ya Nyumba

Fundi cherehani alikuwa akitia uzi kwenye sindano aliposikia hodi asiyoitarajia. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alisimama mlangoni na glavu za mpira na mundu. Tangu mazishi hawakutembeleana, kwa sababu ya maneno yaliyozuka kuhusu mpaka wa viwanja vyao.

"Wifi, nimekuja kuomba ule upupu wako wa nyuma."

Fundi alimtazama toka juu mpaka chini. "Unataka kumwasha nani?"

"Simwashi mtu. Mashina yake yana nyuzi, nasokota uzi. Ukitaka nitakufundisha."

Fundi hakuamini hata nusu. Upupu uliota kwenye kona, pale ukuta wa mpakani ulipobomoka, mahali ambapo hata mbuzi hapiti. Mtu na akili zake afuate nini kule? Lakini akimfukuza, atatafuta njia nyingine. Afadhali awe karibu, amsome.

"Haya, nifundishe," akasema, sauti ikiwa tamu kuliko moyo.

Wifi alikata mashina marefu, akapitisha kitambaa kinene toka chini hadi juu, majani yakapukutika. Fundi akajifanya mjuaji, akashika shina kwa mkono mtupu. Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto! Wifi alicheka mpaka akaketi chini. Fundi naye akacheka, ila kwa meno tu.

Waliyaloweka mashina kwenye beseni mpaka yakanuka na maganda yakalegea, kisha wakayaanika. Yalipokauka hayakuwasha tena. Wakayaponda polepole kwa mchi, vijiti vya ndani vikadondoka, zikabaki nyuzi za rangi ya majivu, ambazo Wifi alizichana kwa chanuo la chuma.

Akawa anakuja mara kwa mara. Kila alipokwenda nyuma kukata, Fundi alipanda kigoda cha jikoni na kuchungulia dirishani. Siku moja, baada ya mvua, alimwona amechuchumaa, hakati kitu, anasukuma udongo kwa ubapa wa mundu. Kisha akatoa simu, akanong'ona.

Alipoondoka tu, Fundi akaenda kufukua. Chini ya udongo mbichi palikuwa na jiwe la mpaka. Lilikuwa upande wake wa ukuta, ndani kabisa; kumbe mpaka halisi ulipita hapo, na kibanda chake cha kushonea, kilichokuwa pale uani, kilikuwa kimesimama kwenye ardhi ya Wifi.

Somo lililofuata lilikuwa la kusokota. "Zungusha kijiti, kiache kining'inie," Wifi alielekeza. "Toa nyuzi kidogo kidogo." Uzi wa Fundi ukakatika. Akauweka chini.

"Lile jiwe umeliona lini?"

Wifi aliuokota uzi uliokatika. "Siku ya kwanza."

"Ndilo ulilolifuata."

"Ndiyo. Mwanangu anataka kujenga. Alisema nikija kwa habari ya upupu hutanishuku."

"Nilikushuku kabla hujavua viatu. Na kwenye simu ulinong'ona nini?"

"Kwamba sijaliona. Mvua ililifichua, nikalifukia tena. Nikimwambia, kibanda chako kinavunjwa, nami nitakuja kufanya nini hapa? Kwangu nashinda nikiongea na kuta."

Fundi alimkagua uso kama anavyokagua kitambaa cha mtumba kinachodaiwa ni kipya. Hakuona doa. Hata hivyo hakutulia.

"Mwite mwanao, aje mchana. Nitamwonyesha jiwe mimi mwenyewe. Sitaki kuishi na kitu kilichofukiwa."

Kijana alikuja, akaamkia kwa adabu, akapima kwa utepe huku amekunja uso. "Mama, kibanda kiko kwetu. Kivunjwe."

"Kiko kwangu," mama yake akamkata. "Mimi sijafa. Kitabaki mpaka mwenyewe achoke kushona."

Kijana akameza mate, akakunja utepe wake. Fundi hakupiga vigelegele. Alitaka maneno hayo yarudiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na Wifi akayarudia bila kusita.

Msimu ule Fundi alisokota uzi wa kwanza usiokatika, wenye vinundu kila mahali, lakini imara. Wifi aliendelea kuja. Fundi alimtolea kiti kila mara, akakiweka pale anapoweza kumwona vizuri.