Akivuta, Nasimama

Juzi, kwenye kibanda cha mmoja wa hawa wanunuzi binafsi wa kahawa walioingia Mbinga, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja wa kijiji cha Maguu. Kichwani alikuwa na furushi la kahawa ya maganda, mkononi kamba ya katani aliyomfungia mbwa. Mbwa akavuta kuelekea kwa muuza nyama. Mama akasimama kama mti. Kamba ilipolegea, akatembea. Mbwa akavuta tena, mama akasimama tena, na foleni nzima ikakwama.

"Mchape huyo, mama, twende!" mtu akafoka.

"Simchapi. Adabu anaijua, ila masika yote alizurura tu, akaisahau. Namkumbusha. Akivuta, nasimama. Akilegeza, tunakwenda."

Tukafika dirishani, mama akatua furushi na kulifungua. Mnunuzi alichota kahawa ya mama kiganjani, akakunja uso, akataja bei ya kutupa. "Haraka, mama, gari linaondoka!"

Mama akasimama vilevile, macho kwa mnunuzi. Mbwa akaketi miguuni pake. Dereva wa gari la mnunuzi akapiga honi. Safari hii hakuna aliyefoka. Sote tulisimama naye.

Mnunuzi akajifuta jasho. "Basi, mama, tuelewane. Wewe unasemaje?"

Mama akamwinamia mbwa. "Umeona? Na huyu kalegeza."

Tuliambiwa soko sasa ni huria, tukadhani maana yake ni kukimbilia kila tunakovutwa. Mimi nimekoma. Siku hizi nikiambiwa gari linaondoka, najibu: liondoke.