Wa Kalamu, Andikeni. Wa Karamu, Futeni

Msimamizi alibonyeza huku namwambia asibonyeze. Nilikuwa nimemshika mkono wa shati. Aliniangalia mara moja tu, akasema, "Mzee wangu, achilia shati," halafu akabonyeza. Mstari wa kijani ukatembea kwenye skrini mpaka mwisho, ukasimama. Sauti ya mke wangu ikaisha hapo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakufa zamani. Kwa hiyo mtu mmoja nimemzika mara mbili, na mara ya pili hata kiti cha kukalia sikupewa.

Wacha nirudi nyuma, maana aliyeandika ripoti hakurudi.

Kwangu ni Iguhu. Kabla ya haya yote nilikuwa mpakiaji wa miwa upande wa Butali. Siku moja mke wangu alikuja kuniona, na jioni tukapanda trela iliyokuwa ikirudi tupu. Ilipinduka. Mimi nikatoka na mkono wa kushoto usiokunjuka, yeye hakutoka. Ile nimeshaisamehe. Breki zilikatika, na breki huwezi kuiita uiulize.

Watoto hatukujaliwa. Nikabaki na sufuria kubwa ambayo mpaka leo sijajua kuitumia kumpikia mtu mmoja. Nasonga obusuma, ugali wetu, kama tuko wawili, kuku wanakula nusu. Kilichonifanya nisiongee na ukuta ni simu. Mke wangu hakupenda kuandika ujumbe, alikuwa akirekodi sauti na kunitumia kazini. Nilizihifadhi zote kwenye memori kadi. "Uko wapi? Obusuma inapoa, na mimi siwezi kula peke yangu kama mchawi." Nyingine: "Ile ingokho nyeupe imetaga kwa kitanda yako, usilalie." Hakuna kubwa alilosema. Jioni nilikuwa naziwasha na kuzijibu. "Nafika," naiambia simu, na huku nimeketi palepale jikoni.

Ndipo kampuni moja ikakodi vyumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Kakamega mjini. Walitaka watu wa kusumbua kompyuta. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini kazi ile haikudai masomo. Kompyuta zote ziliingia kwenye ghala moja la mafaili, na sisi wote kwa pamoja tunaandika, tunafuta, tunabadilisha majina, kila mtu akimkanyaga mwenzake. Lengo lilikuwa kuona kama programu itachanganyikiwa watu wengi wakiigusa kwa wakati mmoja. Tuliajiriwa tuivunje. Naomba hilo likumbukwe.

Msimamizi alikuwa wa huku kwetu. Alisomea Nairobi, akarudi na viatu vizuri, lakini ulimi ulibaki wa nyumbani. Kueleza alijua, hiyo simnyimi.

"Mnajua kukandika nyumba?" alituuliza. "Ukuta wa zamani uko chini. Wewe unapaka udongo mpya juu. Hii programu iko hivyo, ina matabaka. La chini haliguswi na mtu. Ukibadilisha kitu, mabadiliko yanakaa juu. Ukifuta, hujafuta, umepaka udongo tu mahali pale, usione."

Nilielewa kuliko wengi. Mke wangu ndiye aliyekuwa akikandika nyumba yetu.

Baadaye akasema tulete mafaili yetu wenyewe, picha, nyimbo, chochote, kwa sababu vitu vya watu wa kweli huisumbua programu kuliko vya kutunga. Simu yangu ilikuwa imeanza kuzima ovyo. Nikamuuliza kama sauti za marehemu zitakuwa salama.

"Nitaziweka tabaka la chini, mzee wangu. Huko ni mwamba."

Akazihamisha. Kisha akaisafisha ile memori kadi mbele yangu, akaichukua kwa kazi. "Hii hutaihitaji tena," akasema. Nilimwamini. Nani hamwamini mtu anayekuita mzee wangu?

Tuligawanywa makundi mawili, kila moja na folda yake. Majina aliyachagua yeye. Folda moja aliiita Kalamu, nyingine Karamu. Sauti za mke wangu zilikuwa ndani ya Kalamu, na mimi nilikuwa wa Kalamu. Sasa hebu mtu wa kwetu ayataje hayo majina mawili tusikie. Kinywani mwa msimamizi yalikuwa jina moja.

Jirani yangu pale kwenye kompyuta alikuwa mama mmoja kutoka Mautuma, mkulima wa mahindi, wa kundi la Karamu. Aliniita shemeji, ingawa hatuna undugu wowote. "Shemeji, unabonyeza kama unachinja kuku," alikuwa ananiambia. Ndiye pekee aliyenisemesha.

Siku hiyo, baada ya chai, msimamizi alisimama mlangoni akapiga makofi. "Wa karamu, andikeni! Wa karamu, futeni faili moja moja!"

"Baba," yule mama akauliza, "karamu gani inafutwa? Ya kuandikia ama ya kula?"

Chumba kizima kikacheka.

"Hiyo nyingine!" akajibu msimamizi.

Mama akaelewa ile isiyo yake, akaingia Kalamu, akafuta faili moja ya majaribio. Moja. Sekunde hiyohiyo mimi nilikuwa naandika humo. Kwa maelezo ya msimamizi mwenyewe, mmoja wetu alipaswa kungojeshwa mpaka mwenzake amalize. Hakuna aliyengojeshwa. Udongo haukuangukia faili moja, uliangukia folda nzima, na Kalamu ikatoweka kwenye skrini zote.

Msimamizi aliruka kwa furaha. "Tumeikamata!" Akatoka nje kumpigia mwenye kampuni. Aliporudi, uso ulikuwa mwingine. Mteja alikuwa njiani kuja kuitazama programu.

"Sauti zangu," nikamwambia. "Ulisema zinabaki chini."

"Ziko chini."

"Basi kwangua udongo."

"Nikiacha hivi, mteja ataona folda imefunikwa na hakuna aliyeifuta. Nikiunganisha matabaka yawe moja, hakutakuwa na kilichofunika wala kilichofunikwa, vyote vinafutika kabisa."

"Nitolee zangu kwanza. Dakika moja tu."

"Mteja yuko kwenye ngazi, mzee wangu."

Hapo ndipo nilipomshika shati.

Mteja alinywa soda akasifu. Ripoti yule mama alikuja kunisomea, mimi macho hayakuwa yakiona vizuri wiki ile. Ilisema hakuna hitilafu kwenye programu. Ilisema wafanyakazi wa hapa walichanganya folda kwa sababu ya matamshi.

"Shemeji," akasema, "wameweka ulimi wetu kizimbani."

Yule mama simlaumu. Alifuta alichoambiwa, na aliuliza kwanza. Nawataja wawili. Mwenye kampuni, aliyetaka skrini safi kuliko kazi ya kweli. Na msimamizi, mtoto wa hapa, aliyejua kwamba mke wangu yuko chini pale, mzima, ananiita chakulani, akabonyeza.

Sasa nyumba imenyamaza. Jioni mdomo wangu bado unasema "nafika," kisha unajishtukia.

Wewe msimamizi, najua unapita Iguhu ukienda kwa wakwe zako. Siku hizi unaangalia upande wa pili. Sikuulizi kama sauti zitarudi, najua hazirudi. Nauliza kwa nini sikupewa dakika moja, na ni nani alikataa, wewe au tajiri wako kwenye simu. Kama ni yeye, mtaje mbele ya watu. Kama ni wewe, ingia kwangu, keti kwenye kigoda cha mke wangu pale jikoni, unijibu kwa huo ulimi wetu.